Jiwe la Shinkolobwe na nuru ya waganga

Wakristo wengi wakisikia neno «atomu» hufikiri bomu tu. Si ajabu. Uraniumu iliyotiwa katika bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, sehemu yake kubwa ilichimbwa kwetu Katanga, katika mgodi wa Shinkolobwe. Na siku ile ilikuwa sikukuu ya Bwana Yesu kugeuka sura mlimani. Siku ya nuru ya Mungu, watu waliwasha nuru ya mauti. Lakini habari ya jiwe lile haikuanza na bomu, wala haikuishia hapo.

Mwaka 1896 Mfaransa Henri Becquerel aliona kwamba uraniumu hutoa miali isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre walivumbua radiumu. Tangu mwaka 1922 mawe ya Shinkolobwe yalisafishwa huko Olen, Ubelgiji, ili kutoa radiumu ya kutibu kansere. Basi jiwe letu lilitumikia wagonjwa kabla ya kutumikia vita.

Halafu wataalamu walijiuliza: Je, miali hii haiwezi kutuonyesha yaliyofichwa mwilini? Mwaka 1925 hivi, huko Boston, mganga Blumgart alitia dawa yenye miali katika mshipa wa mkono mmoja, akahesabu muda mpaka ifike mkono wa pili. Hivyo alipima mwendo wa damu. Mwaka 1937 Emilio Segrè na Carlo Perrier walivumbua teknesiumu huko Palermo, Italia. Namna yake moja hupoteza nusu ya nguvu yake kila saa 6, kwa hiyo haikai sana mwilini. Na karibu na mwaka 1957, huko Berkeley, Marekani, Hal Anger alitengeneza masini ya kupokea miali hiyo na kuigeuza picha.

Inafanyaje kazi? Mgonjwa hudungwa sindano yenye dawa kidogo, nayo hufuata damu. Nyama ya moyo inayopata damu hunywa dawa na kung'aa. Penye mshipa ulioziba hubaki giza. Moyo hupigwa picha mara mbili: ukipumzika, na ukifanya kazi ngumu. Giza likionekana wakati wa kazi tu, nyama ile ingali hai, ina njaa ya damu. Likibaki mara zote mbili, mara nyingi ni kovu.

Kwa kansere ya titi, kipande cha nyama kilichochunguzwa ndicho kinachothibitisha ugonjwa. Lakini miali husaidia kujua kama ugonjwa umefika mifupani. Tena, tangu miaka ya 1990, huonyesha tezi ya kwapa inayopokea kwanza maji ya titi. Ile ikitolewa na kukutwa safi, nyingine huachwa, na mama huepushwa mara nyingi na mkono wa kuvimba.

Nasi tulikuwa na sehemu yetu. Mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa ya leo, iliwashwa tanuru ya atomu ya kwanza katika Afrika. Mkuu wa chuo alikuwa Monsinyori Luc Gillon, padri na mtaalamu wa atomu. Ya pili iliifuata mwaka 1972, ikazimwa mwaka 2004.

Hospitali zetu nyingi hazina masini hizi. Lakini mkono wa mganga upo, na masikio yake yapo. Mama ukigusa uvimbe katika titi, usiufiche kwa haya, wala usiwatafute wachawi nyumba ya jirani. Baba ukibanwa kifua ukipanda kilima, usingoje. Ugonjwa uliofichwa ndio unaoua upesi.

Mungu aliweka nguvu ndani ya jiwe, naye hakuandika juu yake «bomu» wala «dawa». Neno hilo alituachia sisi tuliandike.