Ngozi isiyochunwa: Jinsi utando wa chai unavyokuzwa nyumbani

MWANARIADHA anayerejea Eldoret na medali hulakiwa kwa mursik, maziwa yaliyochachushwa ndani ya kibuyu. Mama anayeyaandaa anajua fika kwamba kibuyu kisipotakaswa barabara, maziwa huharibika. Uangalifu uo huo ndio unaohitajika katika ufundi mwingine ambao umevutia wabunifu wa mavazi ulimwenguni: kukuza, ndani ya beseni la chai yenye sukari, utando unaokaushwa na kutumiwa mahali pa ngozi ya mnyama.

Chanzo chake ni kombucha, kinywaji cha chai iliyochachushwa. Wapo wanaokiita chai ya uyoga, ingawa hakina uyoga wowote. Kile kinachofanana na uyoga juu ya chai ni makao ya aina mbili za vijidudu: hamira na bakteria.

Hamira huila sukari na kutoa pombe kidogo. Bakteria nao huigeuza pombe hiyo kuwa asidi, ile ile iliyomo katika siki, na wakati huo huo hufuma nyuzi nyembamba mno za selulosi. Kwa kuwa bakteria hao huhitaji hewa, nyuzi hizo hujikusanya juu ya chai na kufanya tabaka linaloongezeka unene siku baada ya siku.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Ngozi ya mnyama ni protini, ilhali selulosi ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya pamba. Kwa asili yake, basi, utando huu ni ndugu wa nyuzi za pamba zinazofumwa katika kiwanda cha Rivatex mjini humo kuliko jamaa wa ngozi ya ng'ombe. Undugu huo ndio unaoeleza uzuri wake na pia udhaifu wake.

Sayansi yenyewe si ngeni. Mwaka wa 1886, mwanakemia Mwingereza Adrian Brown alieleza jinsi bakteria wa siki wanavyotengeneza selulosi. Siku hizi bakteria huyo huitwa Komagataeibacter xylinus. Nchini Ufilipino, bakteria huyo hukuzwa katika maji ya nazi na utando wake huliwa kama kitindamlo kiitwacho nata de coco. Aliyeupeleka katika mavazi ni mbunifu Suzanne Lee wa London, ambaye kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 alikuza utando katika mabeseni ya chai na kushona koti, kazi aliyoiita BioCouture.

Mahitaji yake hayana ugeni kwa jikoni ya Mkenya, na mashamba ya chai ya Nandi Hills hayako mbali na Eldoret. Kwa kila lita moja ya maji huwekwa gramu 100 za sukari na takriban gramu 5 za majani ya chai. Chai huchujwa na kuachwa ipoe kabisa, kwani chai ya moto huua vijidudu. Kisha hutiwa kipande cha utando wa kombucha pamoja na mililita 100 hadi 200 za kombucha iliyokwisha kuchacha. Uchachu huo wa mwanzo ndio ngao dhidi ya kuvu.

Chombo kiwe cha plastiki ya vyakula au kioo. Sufuria ya alumini haifai, maana asidi huila. Hufunikwa kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa uzi ili hewa ipite lakini nzi wasiingie. Baada ya hapo beseni haliguswi wala halisogezwi. Kila linapotikiswa, utando huzama na mwingine huanza upya.

Kikwazo cha Eldoret ni baridi. Vijidudu hivi hustawi penye nyuzijoto 25 hadi 30 za selsiasi, nao mji huo uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambapo usiku joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Utando ambao kwingineko huchukua wiki mbili au tatu huweza kuhitaji zaidi ya mwezi mmoja, na kadiri uchachu unavyokawia ndivyo kuvu hupata mwanya. Yafaa beseni liwekwe ndani ya sanduku lililozungushiwa blanketi, tena chumba chenye joto, na kombucha ya mwanzo iongezwe. Ukungu wenye manyoya, uwe wa kijani, mweusi au mweupe, ukionekana, vyote hutupwa pasi na kujaribu kuokoa chochote.

Utando ukifikisha unene wa sentimita moja au mbili, hutolewa, huoshwa kwa maji baridi na sabuni, kisha hutandazwa juu ya ubao laini kivulini. Msomaji asishangae akiona umenywea hadi milimita moja au chini ya hapo. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake huwa ni maji. Kinachobaki ni kitu cha rangi ya kahawia, kinachopitisha mwanga kidogo na kufanana na ngozi kavu ya kuwambia ngoma. Kikipakwa glisirini hulainika. Kikipakwa nta ya nyuki hukinga matone machache.

Tatizo ni kwamba utando huu hunywa maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, walioutengenezea fulana na viatu, walibaini kwamba unyevu wa hewa na wa mwili wa mvaaji huulegeza, na baridi huufanya ukatike kwa urahisi. Kuupaka plastiki kunazuia maji, lakini kunaondoa sifa yake kuu ya kuoza ardhini bila madhara. Kiatu cha utando huu katika masika ya Uasin Gishu si kitu cha kumuuzia mtu.

Hesabu nayo yataka macho mawili. Beseni la sentimita 60 kwa 40 lenye lita 16 za chai hutumia kilo 1.6 za sukari na hutoa kipande cha robo mita ya mraba hivi. Ngozi ya ng'ombe mmoja mkubwa hufikia mita 4 za mraba. Kuipata kwa chai ni mabeseni yapatayo 17 na kilo 27 za sukari, ilhali ngozi ya ng'ombe ni masalio ya nyama na nchini Kenya bei yake imewahi kuporomoka mno. Anayeshawishika kukopa fedha kwa biashara hii azipige hesabu hizo kwanza.

Hata hivyo, ngozi ya kawaida ina gharama isiyoandikwa katika risiti. Viwanda vingi vya kudabighi duniani hutumia chumvi za kromiamu, na majitaka yasiposafishwa huchafua mito. Utando wa chai hauhitaji kromiamu. Kwa pochi, jalada la daftari, kivuli cha taa, kipuli au mazoezi ya wanafunzi wa ubunifu, unatosha na hupendeza. Kingo mbili zikipandanishwa zikiwa bado mbichi hukauka zikiwa zimeshikana bila uzi.

Chai chachu inayobaki haimwagwi. Hutengwa lita mbili hivi pamoja na kipande cha utando, na beseni linalofuata huanza na hiyo.