Usawa wa intaneti: vyama vya Kanada vilisema nini, na nani alifanya kazi

Historia ya wiki hii inatoka mbali, Kanada, lakini ilianzia hapahapa Uganda, kwenye banda letu la kuchajia simu.

Jumamosi dada mmoja wa kundi letu alikuja kujaza fomu ya masomo. Bando alikuwa nalo, ila ni lile la WhatsApp tu. Ujumbe unaingia, picha zinaingia, sauti ya shangazi yake toka Bukavu inaingia. Tovuti ya chuo, hapana. Mwisho tukachangishana mega na fomu ikaenda saa tano usiku, saa moja kabla ya muda kuisha. Baadaye tukabishana sana: hili bando la bei ya chini linatusaidia ao linatufunga? Kaka mmoja, ambaye jamaa zake walipata safari ya Kanada, akasema kule wameshalikataza. Tukaenda kutafuta. Kumbe ana haki, lakini njia ilikuwa ndefu kuliko alivyosema.

Kwanza tuelewane. Usawa wa intaneti maana yake kampuni inayokuuzia mtandao ibebe kila kitu sawasawa. Isiharakishe hiki na kuchelewesha kile, isifunge tovuti isiyoipenda, isiweke bei tofauti kulingana na unachofungua. Ni kama bomba la maji la bloku yetu: haliulizi kama maji ni ya chai ao ya kufua.

Kanada haikuwa na sheria yenye jina hilo. Ilikuwa na Sheria ya Mawasiliano ya 1993, ya wakati ambapo watu wengi wakisikia mawasiliano wanafikiria simu ya mezani. Kifungu cha 27 kinakataza kampuni kubagua ao kupendelea bila haki. Kifungu cha 36 kinasema kampuni haitadhibiti yaliyomo katika mawasiliano inayobeba, mpaka tume ikubali. Tume yenyewe inaitwa CRTC. Mushike hiyo namba 27, itarudi.

Julai 2005 kampuni ya Telus ilikuwa katika mgogoro na wafanyakazi wake. Ikafunga tovuti ya waliounga mkono chama cha wafanyakazi, ikisema picha zilizowekwa pale zinahatarisha wale walioendelea kwenda kazini. Tovuti ile ilikuwa kwenye seva moja na nyingine nyingi, kwa hiyo zaidi ya 700 zisizohusika zilizimika pamoja nayo, hata moja ya kuchangisha pesa kwa ajili ya saratani ya matiti. Mwenye bomba aligombana na jirani mmoja, akakata maji ya mtaa mzima.

Sasa vyama. Mwaka 2006 chama cha Conservative cha Stephen Harper kiliingia serikalini. Desemba mwaka huo waziri wa viwanda, Maxime Bernier, akaiagiza CRTC itegemee nguvu za soko kadiri inavyowezekana. Hiyo ndiyo ilikuwa imani yao: kampuni zishindane, mteja asiyeridhika atahama. Si wazo la kijinga. Lakini linahitaji mahali pa kuhamia, na Kanada soko lilikuwa mikononi mwa kampuni kubwa chache, Bell, Rogers na Telus. Sisi wenye laini moja inayoshika upande huu wa kilima tunaelewa bila kufundishwa.

Mwaka 2008 ndipo moto uliwaka. Bell ilikuwa inapunguza mwendo wa watu waliopakua mafaili kwa njia ya kugawana, kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi saa nane usiku, yaani saa ambazo watu wako nyumbani. Haikuishia kwa wateja wake. Kampuni ndogo zilizokodi nyaya za Bell ili ziuze intaneti zao wenyewe, nazo zikakuta wateja wao wamepunguziwa mwendo. Machi mwaka huo CBC, shirika la utangazaji la umma, ilikuwa imetoa kipindi chake kwa njia hiyohiyo ya kugawana, halali kabisa, na watazamaji wakalalamika kwamba kinashuka polepole. Kipindi kilihusu vijana wanaoshindania kuwa waziri mkuu bora wa kesho! Mtu angetunga hiyo tungesema anazidisha.

Mwezi wa tano watu wakaandamana mbele ya Bunge, Ottawa. Siku iliyofuata Charlie Angus wa chama cha NDP akaleta muswada binafsi wa kuandika usawa wa intaneti ndani ya sheria. NDP ni chama chenye mizizi kwa vyama vya wafanyakazi, na wakati huo kilikuwa kidogo bungeni. Angus mwenyewe alikuwa mwanamuziki kabla ya siasa. Muswada haukufika popote, uchaguzi ukaitishwa. Akaurudisha 2009, haukupita tena. Chama cha Kijani nacho kiliunga mkono usawa huo, na mwaka 2009 Marc Garneau wa Liberal, aliyewahi kwenda anga za juu, akatangaza kwamba chama chake nacho kinaukubali. Serikali ikabaki kusema hiyo ni kazi ya tume.

Tume ilifanyaje? Novemba 2008 ilikataa ombi la kampuni ndogo, kwa sababu Bell ilikuwa inawapunguzia mwendo hata wateja wake yenyewe, basi hakuna ubaguzi. Sisi tulisoma hilo mara mbili. Kumbe ukiwaonea wote sawasawa haihesabiki! Oktoba 2009 ikatoa kanuni: kampuni ieleze wazi inavyosimamia mtandao, na kupunguza mwendo kuwe njia ya mwisho. Ila kazi ya kugundua na kulalamika iliachwa kwa mteja.

Msifikiri Conservative walikuwa viziwi kila siku. Mwanzoni mwa 2011, CRTC iliporuhusu malipo ambayo yangelazimisha hata kampuni ndogo kutoza wateja kwa kadiri wanavyotumia, malaki ya watu walitia sahihi kupinga, na waziri Tony Clement akasema uamuzi huo hautasimama. Uchaguzi ulikuwa mwezi wa tano mwaka huohuo. Hatusemi zaidi.

Kilichogeuza mambo kweli, kwa maoni yetu, hakikutoka kwa chama. Novemba 2013 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu kule Manitoba aliona kwamba Bell inauza televisheni yake kwenye simu: dola 5 kwa mwezi, saa 10 za kutazama, bila kugusa mega za mteja. Ukitazama huduma ya mtu mwingine, mega zinaliwa. Akaandika malalamiko kwa CRTC. Januari 2015 tume ikasema ana haki. Kifungu kilichotumika? Cha 27, kile cha zamani. Bell ikaenda mahakamani, ikashindwa 2016.

Kisha Aprili 2017 ikaja kesi inayofanana na bando letu. Videotron ya Quebec iliwapa wateja wa vifurushi fulani muziki usiohesabiwa kwenye mega. Wateja walifurahi, nani hapendi bure? Tume ikakataa. Ilisema mwenye nyaya asiwe ndiye anayechagua kwa bei mteja asikilize nini.

Desemba 2017 Marekani ikafuta kanuni zake za usawa wa intaneti. Liberal sasa walikuwa serikalini, na Justin Trudeau alikuwa ameshasema jambo hilo linamtia wasiwasi. Mei 2018 Bunge la Kanada likapitisha hoja ya kuunga mkono usawa huo, na Conservative nao, safari hii wakiwa upinzani, hawakupinga. Mleta hoja ni mbunge wa Liberal aitwaye John Oliver, jina moja na mchekeshaji wa televisheni aliyeutangaza usawa huohuo Marekani. Lakini hoja si sheria. Inasema Bunge linapenda nini. Kile Angus alichotaka 2008, kuuandika ndani ya sheria, hoja hiyo haikukifanya.

Mwezi huohuo wa Mei 2018, Bunge la hapa Uganda lilipitisha kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa yeyote anayefungua WhatsApp, Facebook na zinazofanana nazo. Ilianza tarehe 1 Julai. Wakubwa kati yetu wanakumbuka jinsi kila mtu alivyojifunza VPN ndani ya wiki moja.

Ubishi wetu wa Jumamosi haujaisha. Nusu yetu wanasema Kanada wanaweza kukataa cha bure kwa sababu wana pesa ya kununua bando kamili, na kwamba bila lile la WhatsApp shangazi wa Bukavu hasikiki kabisa. Nusu nyingine wanaikumbuka ile saa tano usiku. Ninyi mlioko Winnipeg na Montréal, tuandikieni huko bando la simu linauzwaje siku hizi. Dada yetu bado anangoja jibu la chuo.