Mtumishi Asiye na Roho: Adabu za Roboti na Dhamana ya Mwenyewe

Mwezi Oktoba 2017 mjini Riyadh ilitangazwa kuwa roboti Sophia, iliyoundwa Hong Kong kwa sura ya mwanamke, imepewa uraia wa Saudi Arabia. Upesi watu wakahoji, wengine kwa kejeli: mbona haina hijabu, wala mahram? Chombo kikapimwa kwa adabu za binadamu.

Jambo hili si geni katika historia yetu. Mwaka 602 Hijria (1206 Miladia) fundi Ismail al-Jazari alikamilisha kitabu chake cha mitambo huko Diyarbakir. Anaeleza humo kuwa mfalme wake, wa ukoo wa Artuq, hakupenda kumiminiwa maji ya udhu na mtumishi wala kijakazi. Akamtengenezea umbo la mtumishi lililommiminia maji kwa birika. Kwa mfalme yule, umbo lisilo na roho lilipendeza kuliko mtu.

Lakini moyo wa mwanadamu ni mwepesi wa kudhania uhai. Wana wa Israili walisikia sauti ya ndama wa Samiri, wakamwabudu. Hapa kwetu, jina lenyewe la Katavi linahusishwa na mzimu Katabi, unaosimuliwa na Wabende kuwa hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu wameweka sadaka chini yake.

Basi hukumu ni ipi? Hijabu, sala na adabu humlazimu mukallaf, yaani mwenye akili aliyebaleghe. Roboti haina nia, hivyo haina thawabu wala dhambi. Ama madhara yake, tutazame kesi ya ngamia wa al-Bara' bin Azib (r.a.) aliyeharibu bustani ya watu. Mtume (s.a.w.) alihukumu kuwa wenye bustani wazilinde mchana, na wenye mifugo wadhamini kilichoharibiwa usiku. Mkulima wa Mpanda analielewa hili: ng'ombe wakiingia katika mahindi yake, hawashitaki ng'ombe, humtafuta mwenyewe.

Ikiwa mnyama mwenye roho hahukumiwi, vipi chuma? Tukizoea kusema "mashine ndiyo iliyokosea", aliyedhulumiwa atamdai nani haki yake? Kwa hiyo, imamu akiulizwa kuhusu tabia ya roboti, kwanza aulize: nani kaiunda, nani anaitumia, na kwa nia gani?

Wallahu a'lam.