Mstari wa Zambarau (Sehemu ya 3)

ILIPOISHIA: Viinitete vya chura vilipokuwa na seli mbili tu, nilidunga seli moja dawa ya kuzima jeni ya Pax3, ya pili nikaiacha. Profesa akataka kujua kwa nini nimeing'ang'ania jeni hiyo. SASA ENDELEA...

"Nakusikiliza," alisema, akavuta kiti.

Ikabidi niseme. Mdogo wangu wa mwisho alizaliwa kiziwi, ana macho ya buluu na shungi jeupe juu ya paji la uso. Kijijini walisema mengi, na mama aliyameza yote peke yake. Baadaye hospitali ndiyo ikatuambia: Pax3 yake ina hitilafu.

Profesa alinyamaza kidogo. "Basi, mwanangu, unajua tunatafuta nini."

Nilijua. Mgongoni mwa kiinitete, pale bomba la neva linapojikunja, pembeni kuna seli zisizokaa nyumbani. Zikipata amri hubanduka na kushika njia. Zipo zinazojenga mifupa ya uso, zipo zinazokwenda kuwa neva za utumbo, na zipo zinazopeleka rangi kwenye ngozi, kwenye nywele, hadi ndani kabisa ya sikio. Sikio likizikosa seli hizo za rangi, halisikii. Na amri yenyewe si ya jeni moja. Pax3 na Zic1 lazima ziwake pamoja ndipo Snail2 nayo iwake. Moja ikizimika, safari haianzi.

Kwa binadamu hayo hutokea tumboni, gizani. Chura wetu mwenye kucha, yuleyule ambaye miaka ya 1930 wanasayansi wa Cape Town walimtumia kupimia mimba, hutaga mayai ya milimita 1 na ushee majini, mbele ya macho yako.

Niliinamia hadubini. Mahali Snail2 ilipowaka, rangi ya zambarau ingeonekana; upande niliodunga ulikuwa na alama nyekundu.

Kisahani cha kwanza: kushoto, mstari mnene wa zambarau. Kulia, wekundu mtupu.

"Imezimika!" nilipiga kelele.

Kisahani cha pili, vile tulivyovirudishia Pax3: mistari miwili, kushoto na kulia. Machozi yakanilenga.

"Cha tatu," alisema Profesa. Hivyo hatukuvigusa kabisa. Vilikuwepo vya kulinganishia tu.

Nikatazama. Nikarekebisha lenzi, nikatazama tena. Hapakuwa na wekundu. Wala zambarau, kushoto wala kulia, katika kiinitete hata kimoja.

"Haiwezekani," nilinong'ona.

Profesa alikinyanyua kisahani, akasoma lebo, kisha akanigeukia. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

Haukuwa wangu.

Nani aliingia maabara, na alivifanya nini viinitete vile? Usikose Sehemu ya 4, Jumamosi ijayo.