Dawa ya Mvuja Jasho
Historia ya dawa Msimbazi na Kariakoo ni historia ya matabaka. Wakoloni waliigawa Dar es Salaam kwa rangi: hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa 1897, ilikuwa ya Wazungu, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo.

Azimio la Arusha la 1967 lilipinga unyonyaji huo, na mwaka 1977 tiba ya kujipatia faida ilipigwa marufuku. Lakini huduma ya bure hutegemea uchumi imara. Fedha za kigeni zilipoadimika, dawa nazo ziliadimika. Mwaka 1991 tiba ya biashara ikarudishwa. Mwaka 1993 uchangiaji ukaanza hospitalini.

Bima ya Afya ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya 1999, ilianza na watumishi wa serikali: asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri 3. Kuli na mchuuzi wa Kariakoo hawana mshahara wa kukatwa. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inalenga kuwaingiza nao. Tuipime hivi: je, kuli ataondoka dirishani na dawa, au na karatasi ya kwenda kununulia dukani?