F for Freddie: Rubani aliyerudi salama kwenye muvi tu

Wengi wetu ukitutajia rubani wa vita tunamuwaza Tom Cruise. Sasa kuna jamaa alikuwa rubani wa kweli wa ndege za mabomu, akawa staa wa muvi, na kabla ya yote hayo alikuwa kijana wa shambani hapo Kenya, ng'ambo tu ya mlima wetu. Percy Charles Pickard. Washkaji zake walimuita Pick.

Kazaliwa Sheffield, Uingereza, 1915. Shule ilimshinda, kwa hiyo miaka ya mwanzo ya 1930 akaja Kenya kufanya kazi shamba na kucheza polo. Ebu fikiria: Mzungu aliyeshindwa shule yuko juu ya farasi, na Mwafrika wa palepale anatembea na kipande shingoni. Hilo siwezi kulipita kimya. Baadaye Pick akarudi kwao, akaingia jeshi la anga, na vita ilipoanza akawa anarusha mabomu usiku juu ya Ujerumani. Mwaka 1940 ndege yake iliishia baharini, yeye na wenzake wakaokolewa wakiwa kwenye boti la mpira.

1941 ndipo mambo ya kamera yakaanza. Muvi inaitwa Target for Tonight, haifiki hata saa moja, na waigizaji ni wanajeshi wenyewe. Pick ndiye rubani wa ndege ya Wellington inayoitwa F for Freddie. Mrefu, mtulivu, kiko mdomoni. Ndege inapigwa, mwenzao mmoja anaumia mguu, ukungu unafunika uwanja, roho za waliobaki chini ziko juu juu. Mwishoni wanatua salama. Muvi ikapata tuzo maalumu ya Oscar.

Dairekta wake, Harry Watt, baada ya vita alikuja mpaka Amboseli kutengeneza Where No Vultures Fly, iliyotoka 1951. Mlima Kilimanjaro anao nyuma ya kamera zake, ila kaupiga kutokea Kenya. Ndugu zetu wa huko wakisema mlima ni wao, labda ndiyo ushahidi wanaotegemea!

Turudi kwa Pick. Februari 18, 1944, theluji inadondoka, anaongoza ndege za Mosquito kwenda Amiens, kaskazini mwa Ufaransa. Kazi ni kubomoa ukuta wa gereza la Wajerumani ili wafungwa, wakiwemo Wafaransa waliokuwa wakipambana na Wajerumani kwa siri, wapate pa kutokea. Ndege zinapita chini kabisa, karibu na paa za nyumba. Ukuta unapasuka, na wafungwa 258 wanakimbia. Wengi watakamatwa tena. Wengine 102 wanauawa na mabomu yaleyale yaliyoletwa kuwaokoa. Mpaka leo wanahistoria wanabishana ni nani hasa aliomba shambulio lile na kama lilikuwa na sababu. Mimi nikisoma hizo namba mbili nakwama. Ningekuwa mama wa mmoja wa wale 102, jina la Pickard ningelisikiaje?

Yeye hakupata muda wa kujiuliza. Hakugeuza haraka kurudi nyumbani. Alibaki eneo lile kuangalia kazi imeendaje, na wapiganaji wa Kijerumani wakamkuta. Mkia wa ndege ukakatika kwa risasi. Alikufa pamoja na Bill Broadley, mwongoza njia wake na rafiki yake wa siku nyingi. Pick alikuwa na miaka 28, cheo chake kikilingana na kanali.

Ndege aliyofia, amini usiamini, nayo ilibeba herufi F. F for Freddie. Wote wawili walizikwa hukohuko Amiens, mji uleule wa gereza, kwenye makaburi ya Mtakatifu Petro.