Munisagara Wasipojibu

Kigari chetu cha darasani kina mota mbili, magurudumu matatu na, kwa mbele, macho mawili ya duara kama ya bundi. Macho hayo hayaoni. Moja hupiga sauti ya mitetemo 40,000 kwa sekunde, ambayo sikio la mtu haliwezi kuidaka, na la pili hungoja mwangwi. Ubao wa Arduino, kompyuta ndogo iliyofungwa mgongoni, hupima muda uliopita kati ya sauti na mwangwi: ukuta ulioko mita moja mbele huleta jibu baada ya milisekunde sita hivi. Kazi ya mwanafunzi ni kuandika nini kifuate. Kama kikwazo kiko chini ya sentimita 20, simama, rudi nyuma, geuka kushoto. La sivyo, songa.

Wanafunzi wangu hapa Mikumi huandika sharti hilo asubuhi moja wakapigiana makofi. Huwaacha washangilie, kisha nawauliza: na jibu lisipokuja kabisa? Hilo ni swali la watu wa reli. Nimelirithi Kilosa, kwenye kota za reli, kwa baba ambaye hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Kilosa 1909, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache kabla ya vita kuwakuta Wajerumani walioijenga. Ni njia moja yenye upana wa mita moja. Treni za kwenda na za kurudi hupita juu ya chuma kilekile. Ukitoka Kilosa kwenda magharibi unaingia bonde la Mkondoa: Munisagara, Mzaganza, Kidete, Godegode, Gulwe. Mto huku, mlima kule, kona juu ya kona. Dereva haoni mbali, na treni iliyosheheni mizigo haisimami ndani ya kipande anachokiona. Ilibidi reli iwe na namna ya kuhisi kile ambacho jicho la dereva halikifikii.

Kwanza kulikuwa na watu na waya. Stesheni masta wa Kilosa hakuruhusu treni itoke mpaka amewasiliana na mwenzake wa Munisagara na kumwuliza kama njia ni nyeupe, yaani haina treni. Mwenzake akikubali, jibu liliandikwa kitabuni pamoja na saa, ndipo dereva akakabidhiwa karatasi ya kibali. Bila karatasi hakuna safari, hata kama abiria wamelala mle ndani tangu jana, hata kama kuna mkubwa behewa la mbele anayetazama saa yake. Na Munisagara wasipojibu, njia imefungwa. Simu imekatika? Imefungwa. Stesheni masta wa kule kasinzia? Imefungwa vilevile. Hakuna aliyeruhusiwa kusema, "Kama kungekuwa na treni wangetuambia."

Nilipokwenda kusomea umeme nilikuta mafundi wa zamani wamekwisha kuiweka akili hiyo ndani ya vyuma. Signali za mikono za enzi hizo zilivutwa kwa waya mrefu kutoka stesheni. Waya ukikatika, uzito uliofungwa kwenye mlingoti uliurudisha mkono mahali pa "simama". Breki ya hewa ya George Westinghouse, ile ya mwaka 1872, haifungwi kwa kupeleka hewa kwenye magurudumu bali kwa kuipoteza: bomba likipasuka, au mabehewa yakiachana, treni inajifunga yenyewe. Mwaka huohuo William Robinson, Mmarekani mwingine, alipata hati ya uvumbuzi wake wa kupitisha umeme mdogo wa betri ndani ya reli zenyewe. Treni ikiingia kwenye kipande hicho, magurudumu na ekseli huunganisha reli hizo mbili, umeme hurudi njia ya mkato, sumaku ya upande wa pili hulegea, na taa nyekundu inawaka. Sasa betri ife, waya uibwe, au reli ivunjike vipande viwili. Matokeo ni yaleyale: sumaku inalegea, nyekundu inawaka. Mimi nauweka uvumbuzi huo juu ya mashine zote za moshi na mapistoni za karne ile, na wenzangu wa ufundi mitambo wananicheka kwa hilo.

Baba hakuwa stesheni masta. Alikuwa kwenye genge la njia, wale wa kukaza mataruma na kushindilia kokoto. Alfajiri mmoja wao alitembea kipande chao na nyundo, akigonga na kusikiliza, kwa kuwa chuma kizima hulia na kilichopasuka hukoroma. Walibeba bendera, na fataki. Fataki zilifungwa juu ya reli pale palipoharibika mbele. Gurudumu likizikanyaga zinalipuka, dereva anafunga breki kabla hajajua ni nini. Nyumbani kopo la fataki la baba lilikaa juu ya kabati, nasi watoto tulikatazwa hata kulinyooshea kidole.

Kilichowanyima usingizi ni mto. Mkondoa hupokea maji ya Kinyasungwe, ambayo yanatoka huko Dodoma na Mpwapwa. Kwa hiyo Kilosa mbingu inaweza kuwa na nyota tele huku mafuriko yako njiani. Aliyesimama kwenye tuta na kutazama juu alikuwa anapima kitu kisichohusika. Habari ya kweli ilikuwa Gulwe na Godegode, saa kadhaa nyuma, na ilifika kwa waya uleule wa stesheni, kama nguzo zake hazijabebwa na maji.

Waingereza walilipia somo hilo mwaka 1947. Walikuja na mpango wa karanga wa Kongwa, wakaleta matrekta na mitambo iliyoundwa upya kutokana na vifaru vya vita, na karibu vyote vilitegemea reli yetu ya njia moja. Kinyasungwe ikafurika ikachukua reli. Wale mabwana walikuwa na nguvu za kung'oa mibuyu lakini walipanga kilimo cha ekari mamilioni baada ya ziara ya wiki tisa, bila kumbukumbu za mvua za kutosha. Mapema 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 zikaenda na maji, ingawa kwa Kongwa tatizo lilikuwa ni kukosa maji. Nguvu nyingi, kihisi hakuna: ningekuwa na uwezo ningeliweka trekta moja la Kongwa mlangoni mwa kila karakana ya roboti nchini.

Wakati karanga zikinyauka, kule Bristol mtafiti wa ubongo William Grey Walter alikuwa akitengeneza kobe. Ilikuwa 1948 na 1949. Kobe wake, Elmer na Elsie, walikuwa na mota, betri, valvu mbili za redio, kihisi cha mwanga na swichi chini ya gamba iliyojua kama wamegonga kitu. Hawakuwa na programu. Waya wenyewe ndio uliokuwa programu. Walifuata mwanga, walikwepa miguu ya meza, na betri ikipungua walirudi kibandani kuchaji. Miaka ishirini baadaye Seymour Papert na wenzake, huko Marekani, waliwapa watoto lugha ya Logo, iliyoanza 1967, na kobe wa sakafuni wa kumwamuru kwa maneno. Kigari chetu ni mjukuu wa hao wote.

Mjukuu huyo alichelewa kufika kwetu, na sababu moja ni ya kisheria. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mifumo ya serikali kuleta hasara na kuvurugika kwa hesabu, ilitoka amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vya aina hiyo pasipo kibali maalumu. Zuio lilidumu, likalegezwa kidogokidogo, hadi miaka ya 1990. Televisheni yenyewe ilianza Bara mwaka 1994. Wapo wanaoilaani amri ile kana kwamba ndiyo iliyotunyima kila kitu. Mimi silaani sana. Naona tu kwamba katika miaka hiyo yote, kwa mtoto wa Kilosa, mahali pa kuona mashine ikibadili mwendo kwa kile ilichokihisi palikuwa stesheni. Arduino ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ikashusha bei, na leo ubao kama huo unapatikana Kariakoo.

Sasa nirudi kwenye kimya, maana kigari chetu kina kimya cha aina mbili, na wanafunzi huvichanganya.

Kimya cha kwanza ni cha waya uliochomoka. Programu inangoja ishara, haipati, inarudisha sifuri. Sifuri ni ndogo kuliko 20, basi kigari kinadhani kimebanwa ukutani na kuanza kuzungukazunguka papo hapo. Hiyo ni salama kwa bahati, si kwa busara. Kinachonitisha ni hatua inayofuata: mwanafunzi anachoshwa na mzunguko ule, anaongeza mstari mmoja, "ikiwa ni sifuri, puuza." Kigari kinatulia, naye anafurahi. Amekata waya wa signali na kuufunga mkono wake kwa kamba mahali pa "pita".

Kimya cha pili ni kibaya zaidi. Waya mzima, kihisi kizima, ila mwangwi haukurudi. Ukuta uliokaa mshazari huipeleka sauti pembeni. Sweta la shule huimeza. Hapo kihisi hungoja hadi milisekunde 38 hivi, kinakata tamaa, na hesabu ya programu inasema kikwazo kiko zaidi ya mita sita mbele. Kigari kinaongeza mwendo kuelekea kwenye sweta.

Mwaka mmoja msichana aliyekaa dirishani, mwenyeji wa Kimamba, alinibana vizuri. "Madam, lakini ukumbini kweli hakuna kitu mpaka mita kumi. Kimya ndiyo jibu sahihi. Tukisimama kila kukiwa kimya hatutoki mlangoni." Alikuwa na haki, na jibu lake liko Munisagara. Pale, "njia nyeupe" ilikuwa ni kauli; ilibidi mtu aitamke, ipate saa na karatasi. Kihisi chetu kimeundwa kinyume: kikwazo ndicho kinachosema, na njia nyeupe ni bubu. Hakuna mstari wa programu utakaoondoa hilo, kwa sababu tatizo haliko kwenye programu.

Darasa lile lilitengeneza bampa ya mbele kwa kipande cha bati na swichi inayopitisha umeme muda wote. Bampa ikigusa kitu, umeme unakatika, kigari kinasimama. Waya ukichomoka, umeme unakatika vilevile. Ni Robinson mtupu wa 1872. Hawakumjua bado, nilisubiri wamalize ndipo nikawasimulia.

Tangu 2024 kuna reli ya pili Kilosa, ile ya kisasa ya upana wa milimita 1,435, yenye mahandaki kwenye vilima vya magharibi na treni za umeme zinazokwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Karatasi ya stesheni masta imekuwa ruhusa ya redio inayotoka kituo cha uongozi, ikiwa na mwisho wake: nenda hadi hapa, si zaidi. Redio ikinyamaza kupita muda uliowekwa, mfumo wa aina hiyo unafunga breki bila kuomba maoni ya dereva. Reli ya zamani bado iko, na mto bado uko. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mkondoa ilivunja kingo zake, ikahamisha maelfu ya watu wa Kilosa, ikakata njia kuelekea Gulwe, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Baba alikuwa amekwisha kustaafu. Alitaka kujua jambo moja tu: je, Godegode walipiga simu?

Bado hatujakubaliana darasani kuhusu mwendo. Reli haikujua kwenda na kusimama tu. Mvua ikinyesha dereva alipewa amri ya kwenda pole kwenye vipande vyenye wasiwasi. Kwa hiyo tumeongeza hali ya tatu: mwangwi usiporudi, mota zishuke hadi theluthi ya nguvu, na bampa ibaki mlinzi wa mwisho. Ugomvi ni lini hali hiyo ianze. Wanafunzi wanataka vimya vitatu mfululizo, maana kihisi cha bei ndogo hukosea mara moja moja na kigari kitakuwa kinasitasita kama mgeni mjini. Mimi nataka kimoja. Kwa sasa programu inasema viwili, na kila upande unasubiri mwingine aondoke chumbani ili aibadilishe.